Arobaini na Tano, Kengele

Nimempa mwenzangu kitu, naye amekipokea kwa mikono miwili. Nikitazama kwangu, bado ninacho chote, hakijapungua hata chembe. Ni nini hicho? Haya, wewe uliyejiegemeza ukutani, sema.

Mafua? Kaa, mjukuu wangu, hilo nalo ni jibu, wala sikucheki. Lakini silo. Wengine? Kimya. Basi nipeni mji. Na mji mmoja leo haunitoshi, nipeni nchi nzima. Mmenipa? Ahsanteni. Nikaenda, nikafika katika nchi hiyo mliyonipa, ambayo jina lake silitaji kwa kuwa wenyewe hawapendi kutajwa, nikalikuta jibu la kitendawili changu limefungiwa ndani ya darasa la kwanza, na mwalimu mmoja amesimama mlangoni. Jibu lenyewe ni kujua. Anayejua kuhesabu akimfundisha mwenzake, wanajua wote wawili. Na wewe uliyesema mafua hukukosea sana, maana serikali ya nchi ile nayo iliona ni mafua, ikayatibu vivyo hivyo: kwa kuwatenga wagonjwa.

Nchi ile ilikuwa na bahati. Waziri wake wa Elimu na Matokeo alipata kusafiri ng'ambo mkutanoni, na huko akaulizwa mwalimu mmoja wa kwao hufundisha watoto wangapi. Akajibu, arobaini na watano. Kwa nini arobaini na watano? Wenye maneno wanasema ndiyo namba ya chumba alicholala. Ukumbi ukampigia makofi, wakamvika nishani ya shaba iliyochongwa 45, na aliporudi nayo kifuani, ikabidi nchi iifuate nishani.

Madaftari ya mahudhurio yakachapishwa mapya, kila moja na mistari arobaini na mitano, na chini ya mstari wa mwisho ukurasa ukapakwa wino mweusi, kalamu ya mwalimu isije ikateleza. Ukatoka na waraka. Mwalimu mmoja aliniambia aliushika kwa moyo kama dua: "Atakayehesabiwa wa arobaini na sita katika chumba cha darasa hayupo. Asiyekuwepo haandiki, haandikwi, hasikilizwi, na paa la serikali halimhusu."

Sasa katika shule moja, kule ambako lami huishia na mabango yakaendelea, darasa la kwanza lilikuwa mikononi mwa Mwalimu Kidawa, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza na vidole vyeupe kwa chaki. Kisheria darasa lake lilikuwa na watoto arobaini na watano. Kwa macho walikuwa tisini na mmoja.

Alifanyaje? Alifanya walivyofanya walimu wote wa nchi ile: kila mstari wa daftari aliubebesha watoto wawili, kama punda. Mstari wa kwanza uliandikwa Chiku Mbaruku, nao ulimbeba Chiku mwenyewe pamoja na Saumu wa fundi baiskeli. Asubuhi mwalimu akiita "Chiku Mbaruku!", Chiku husema "ni" na Saumu husema "po". Hivyo hivyo mpaka mstari wa mwisho. Utaratibu ukazoeleka, hata Chiku akiugua Saumu alikaa kutwa nzima na nusu ya neno mdomoni.

Arobaini na tano mara mbili ni tisini. Akabaki mmoja, hana mstari wala nusu ya mstari. Jina lake Nyamizi.

Nyamizi alikuwa na miaka tisa. Miaka mitatu mfululizo mama yake alimleta shuleni amemwogesha na kumpaka mafuta mpaka anang'aa, na miaka mitatu aliambiwa, "Darasa limetimia, njoo mwakani." Mwaka wa nne Mwalimu Kidawa alimtazama mtoto, akamtazama mama, akasema, "Mwache. Akae pale karibu na mlango, nitaona." Ndivyo alivyokaa. Na sheria ya nchi ile ilisema aliyetimiza miaka kumi haanzi darasa la kwanza, maana ameshakuwa mzee. Kwa hiyo akitolewa mwaka huu, ndiyo basi tena, shule ameionea dirishani.

*

Wiki ninayoisimulia ilikuwa Wiki ya Kuhesabu. Idara ya Mitaala, iliyokaa ghorofa ya pili ya wizara, iliagiza watoto wote wa darasa la kwanza wajue kuhesabu mpaka mia. Idara ya Idadi, iliyokaa ghorofa ya tatu, ilikuwa haisalimiani na ya pili tangu ule ugomvi wao wa birika la chai, kwa hiyo habari iliifikia imechelewa. Ikashtuka. Mtoto akijua kuhesabu mpaka mia atamaliza vizibo vya soda, akimaliza vizibo atahesabu madawati, akimaliza madawati atageuza shingo awahesabu wenzake! Usiku haujaingia, waraka wa pili ukatoka: kuhesabu kuanzie moja, kuishie arobaini na tano. "Mataifa mengine huhesabu mpaka mia na kupita," waraka ulifafanua, "ndiyo maana hayana utulivu."

Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu Kondo, mtu mnene mwenye leso ya kujipangusa ambayo haikuwahi kukauka, alimwita Kidawa pembeni.

"Bi. Kidawa, Ijumaa saa nne anakuja Mkaguzi Mkuu wa Idadi. Mwenyewe! Akikuta hata mtoto mmoja wa zaidi, mtoto huyo anafutwa, na hapa harudi tena. Na aliyempokea naye anafutwa."

"Mwalimu Mkuu, huyo mtoto hakuandikwa. Atafutwaje?"

"Ndiyo maana anakuja mkubwa. Sisi wadogo hatuwezi."

Kidawa akarudi darasani. Watoto walikuwa wamekaa sita sita kwenye madawati ya watatu, waliobaki mkekani, na wa dirishani wamening'iniza miguu nje. Wakasimama wote kwa kelele: "Shikamoo mwalimu!" Akaitika, akawaambia wamwage vihesabio vyao. Vikamwagika vizibo, punje za mahindi, kokwa za ukwaju, na kutoka mfukoni mwa mmoja jino lake mwenyewe.

Akawafundisha kama alivyofundishwa na mwalimu wake. "Hesabu haisomwi hewani. Gusa kitu, taja namba. Ukihesabu watu, gusa kichwa, taja namba. Na uanze na kichwa gani?"

"Cha mwalimu!" wakapiga kelele.

"Hapana. Anza na chako. Mjinga huhesabu wenzake akajisahau, kisha akalia kwamba mmoja amepotea."

Wakacheka. Mkono wa Nyamizi kule mlangoni ulipanda polepole ukatua juu ya kichwa chake. "Moja," akasema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiti asichojua kama ni chake.

*

Jumanne walifika ishirini na tisa, na mafua yakaanza.

Watoto walihesabu ngazi za ofisi. Walihesabu kuku wa mlinzi. Walihesabu vifungo vya shati la Mwalimu Mkuu wakati akiwahutubia mstarini, wakagundua kimoja hakipo, wakamwambia. Saa ya uji mtoto mmoja alisimama na kikombe chake akahesabu waliotangulia kwenye foleni, kisha akahesabu waliobaki nyuma, akaanza kunyoosha kidole upya kuanzia mwanzo.

Kondo alimwona. Uji ukampalia.

"Mwalimu Kidawa! Mzuie yule!"

"Nimzuie asifanye nini, Mwalimu Mkuu? Nimemfundisha leo asubuhi."

"Mpe kazi nyingine. Mwambie aimbe."

"Tumeagizwa wahesabu."

"Vitu!" Kondo alinong'ona, leso inamtiririka. "Vitu, mama. Siyo watu. Kidogo kidogo watauliza, hawa wengine ni akina nani. Na sisi tutasema nini? Tutasema ni kivuli?"

Mtoto wa foleni akaitwa aimbe. Akaimba wimbo wa taifa, naye huku akiimba vidole vyake vilikuwa vinakunjwa kimoja kimoja nyuma ya mgongo.

*

Jumatano saa nne kasoro robo walifika arobaini na tano.

Kidawa alikuwa ameiogopa siku hiyo kama mtu anayejua daraja limekatika na gari linakwenda. Watoto walikuwa moto. Walihesabu kwa pamoja, wanapiga meza, sauti moja: "Arobaini na mbili! Arobaini na tatu! Arobaini na nne! Arobaini na tano!" Na meza ikapigwa mara moja zaidi, paa! Kisha kimya. Midomo ilikuwa wazi, imekaa tayari, haijui itamke nini.

Kule mlangoni Nyamizi alikuwa amepanga punje zake za mahindi sakafuni. Arobaini na tano zilikwishapita upande wa kushoto. Upande wa kulia bado kulikuwa na lundo. Akashika moja, akaiinua juu.

"Mwalimu, baada ya arobaini na tano inakuja ngapi?"

Wajukuu zangu, hilo si swali gumu. Hata mbuzi wangu nikimfunga kamba karibu na shule mwezi mmoja atalijibu. Lakini Mwalimu Kidawa alijua bei ya jibu lake. Alitazama dirishani: Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama nje, sikio limebanwa kwenye nondo za dirisha. Alitazama watoto: macho tisini na mawili ya kushoto na tisini na mawili ya kulia, ukihesabu na yake. Akafungua kinywa. Kinywa kikajaa chaki.

Kabla hajasema lolote, Kondo akakimbilia ile rimu ya gari iliyoning'inizwa nje kwa ajili ya kengele, akaipiga kwa nondo kama nyumba inaungua. Ngaa! Ngaa! Ngaa!

Watoto wakatazamana. Chiku, ambaye alikuwa mwepesi wa kuelewa, akaruka juu. "Inakuja kengele!"

"Kengele!" darasa zima likaitikia kwa furaha. "Arobaini na nne, arobaini na tano, kengele!" Wakatoka mbio mapumzikoni wakiimba hivyo.

Nyamizi hakutoka. Alibaki ameshika ile punje, anamtazama mwalimu wake. Kidawa akageukia ubao, akaanza kufuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

*

Alhamisi mchana, Mama Nyamizi alikuja mpaka mlango wa darasa. Alikuwa akikaanga mihogo nje ya uzio wa shule, na mikono yake ilinukia pilipili na mafuta.

"Mwalimu, hodi. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Sikai, nimeacha moto. Nimekuja kushukuru, na kulalamika." Akacheka. "Huyu mtoto sasa anajua hesabu, hata kunihesabia meno. Jana nimemwambia, hebu nipangie mihogo, nilikuwa nimekata hamsini kwa mkono wangu huu. Akaigusa mmoja mmoja, kanyooka kama karani. Unajua aliniambia iko mingapi?"

Kidawa alijua.

"Aliniambia, 'Mama, iko mihogo arobaini na mitano, na kengele tano.'" Mama yule alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. "Kengele tano! Nikamwuliza, mwanangu, kengele ndiyo hesabu gani? Akasema ndivyo ilivyo shuleni. Nikasema basi, mimi sikusoma, huenda siku hizi imebadilika. Imebadilika, mwalimu?"

Kidawa alitafuta pa kuweka macho. "Imebadilika kidogo," akasema.

"Haya. Mradi anajifunza. Maana nilikwishakata tamaa, ujue. Mtoto amekaa nyumbani miaka mitatu mpaka akaniuliza, 'Mama, mimi nina kosa gani?' Sasa hata akilala anataja namba." Akashusha sauti. "Mwalimu, nimesikia kesho kuna mkubwa. Mwanangu atakuwepo?"

"Kesho..." Kidawa alijipangusa chaki vidoleni. "Kesho mvalishe vizuri."

Mama yule akaridhika. Akaenda zake kwenye moto wake, na Kidawa akabaki amesimama na aibu yake. Miaka ishirini na miwili ya kushika chaki, na jambo moja alilomfundisha mtoto huyo kwa ukamilifu ni uongo mtupu. Na mtoto ameupeleka nyumbani, ameutandika juu ya kapu la mihogo.

Mwalimu Mkuu akamkuta hapo hapo.

"Orodha iko wapi? Arobaini na watano wabaki, wengine wapelekwe nyuma ya vyoo, kwenye shamba la mahindi. Tutaita kipindi cha mazingira."

"Nichague nani, Mwalimu Mkuu?"

"Wasafi. Wafupi. Wafupi hawachukui nafasi machoni."

"Na akiwapata huko shambani?"

"Akiwapata huko, ni mahindi!" Kondo alifoka, kisha akamsogelea, na sauti ikawa ya mtu mwingine kabisa, mtu mwenye watoto. "Bi. Kidawa, mimi sikutakii mabaya. Nimebakiza miezi minane nistaafu. Yule mrefu wa mlangoni, usimweke. Hana hata nusu ya mstari. Akionekana yule, tumekwisha sote."

Kidawa akachukua karatasi. Aliandika namba moja mpaka arobaini na tano pembeni, zikajipanga vizuri. Majina hayakuja. Kila alipoandika "Chiku" alimwona Saumu akiwa na "po" mdomoni, hana wa kuianzia. Mwisho alimpelekea Mwalimu Mkuu karatasi yenye namba tupu. Kondo hakuiona kasoro. Katika nchi ile hiyo ndiyo ilikuwa orodha iliyokamilika.

*

Ijumaa. Mbingu ilikuwa na uso mbaya tangu alfajiri, ingawa ratiba ya ukaguzi ilisema wazi kwamba hali ya hewa itakuwa nzuri.

Kwa kuwa hakukuwa na majina, Kondo mwenyewe alisimama mlangoni akapitisha watoto kama anayechagua nyanya sokoni: wewe ndani, wewe shambani, wewe ndani, wewe una kamasi, shambani. Nyamizi alikuja amevaa gauni lililonyooshwa likasimama kama karatasi. Kondo hakumtazama hata usoni. "Shambani."

Arobaini na sita wakaenda nyuma ya vyoo. Nyamizi, kwa urefu wake, alitokeza kichwa juu ya mahindi, akaambiwa achuchumae.

Saa nne kamili, Mkaguzi Mkuu wa Idadi, Bwana Mwinyikambi, aliingia. Kichwa chake kilikuwa na upara wa kung'aa, na kifuani alivaa nakala ya nishani ya waziri. Watoto wa ndani, ambao kwa mara ya kwanza katika maisha yao walikuwa wamekaa watatu kwa dawati, walikuwa wamechanganyikiwa kwa nafasi. Wengine waliendelea kukaa wamebanana pembeni, viwiko vimekunjwa, kana kwamba wenzao bado wapo.

"Ndugu Mwalimu Mkuu," Mkaguzi alianza, "ndugu mwalimu, na watoto arobaini na watano mliopo na mnaoonekana. Nawaletea salamu za Mheshimiwa Waziri, ambaye hakulala, anawaza nyinyi. Nimezunguka nchi nzima. Nimehesabu kila darasa. Na kila mahali, sikilizeni maajabu, nimekuta arobaini na watano! Mashariki arobaini na watano, magharibi arobaini na watano. Nchi gani nyingine duniani ina uzazi wenye nidhamu namna hii?"

Kondo akapiga makofi. Juu ya bati tone moja likagonga. Mkaguzi akatazama juu kwa hasira. Likagonga la pili.

Mvua ya nchi ile, wajukuu zangu, ilikuwa haijasoma waraka. Ilishuka yote kwa mkupuo, kama beseni lililopinduliwa, na pamoja na mvua ikaja nyingine, ya miguu. Arobaini na sita walitoka mahindini wanapiga mayowe, wakaingia kwa mlango, wakaingia kwa madirisha, wamelowa chapachapa, wana matope mpaka kwenye nyusi. Kila mmoja alikimbilia mahali pake pa siku zote, na mahali pa siku zote pakamkumbuka. Viwiko vikafunguka vikawapokea. Katika msukumo huo Mkaguzi Mkuu wa Idadi alipelekwa kinyumenyume, akakalishwa chini, katikati ya mkeka, magoti yamemfika kidevuni, na mtoto mdogo mwenye kamasi amekaa juu ya kiatu chake.

Mvua ikaendelea kugonga bati.

"Mwalimu Mkuu," Mkaguzi alisema taratibu. "Hii ni nini?"

"Ni... ni mvua, mheshimiwa."

"Hii iliyokaa juu ya kiatu changu?"

"Ni sehemu ya mvua, mheshimiwa."

Mkaguzi hakuinua sauti. Hilo ndilo lililomtisha Kidawa. Alifungua mkoba wake palepale chini, akatoa daftari kubwa jeusi na kalamu nyekundu, akasoma kama anayesoma hukumu: "Atakayehesabiwa wa arobaini na sita katika chumba cha darasa hayupo. Asiyekuwepo haandiki, haandikwi, hasikilizwi, na paa la serikali halimhusu." Akainua macho. "Basi tutahesabu. Mimi si mtu wa kuonea. Wale arobaini na watano wa kwanza watabaki, nitawapongeza. Wengine watatoka sasa hivi kwenye mvua yao, na lango hili hawalivuki tena. Na mwalimu wao ataondoka nao. Nani ahesabu?"

Macho yake yakazunguka darasa.

"Wewe. Mrefu. Wewe uliyesimama hapo mlangoni. Umefundishwa kuhesabu?"

"Ndiyo, babu," alisema Nyamizi.

"Mpaka ngapi?"

"Mpaka arobaini na tano."

"Safi. Hesabu kila aliye chini ya bati hili. Bila woga, bila upendeleo. Mtu asirukwe."

Nyamizi alimtazama mwalimu wake. Kidawa alitikisa kichwa kukubali, hakuwa na kingine cha kumpa. Na mtoto akafanya alivyofundishwa: alinyanyua mkono wake uliolowa akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe.

"Moja."

Kidawa akaelewa. Amepona. Mtoto asiye na mstari amekuwa wa kwanza, mbele ya serikali, na kalamu nyekundu imeandika. Ningependa kuwaambia kwamba mwalimu alifurahi tu. Lakini furaha ile ilimjia na shetani wake ndani. Shetani alisema: nyamaza sasa. Wako amepona. Wengine ni wa Mungu.

"Mbili. Tatu. Nne." Nyamizi alipita dawati kwa dawati, anagusa kichwa, anataja namba. Kila aliyeguswa alifumba macho, akafumbua akitabasamu. Kumi. Kumi na tisa. Alimgusa Chiku, ishirini na moja. Alimgusa Saumu, ishirini na mbili, na Saumu, ambaye hajawahi kuwa mzima tangu aanze shule, akasema neno lote peke yake: "Nipo!" Thelathini. Watoto wa upande wa dirisha walikuwa wameshaanza kuhesabu kimoyomoyo ni vichwa vingapi vimebaki kabla ya vyao, na walio mbali walianza kulia bila sauti, maana sasa walijua kuhesabu, na anayejua kuhesabu hadanganyiki.

Kondo alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Nondo ya kengele ilikuwa mkononi. Alikuwa tayari.

Nyamizi akashuka mkekani. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Arobaini na nne alikuwa yule mwenye kamasi, juu ya kiatu. Arobaini na tano alikuwa pacha wake wa mstari, aliyebanwa ubavuni mwa Mkaguzi.

Mkono ukainuka tena. Mtu asirukwe. Ukatua polepole, una matope, juu ya upara wa Bwana Mwinyikambi.

Mkaguzi akaganda. Kalamu nyekundu ikasimama hewani. Macho yake yalipanda juu kuutazama ule mkono, kisha yakashuka kwenye daftari jeusi lililokuwa wazi magotini mwake, penye neno "hayupo", na Kidawa aliona, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, jasho likitoka mahali pengine si kwenye uso wa Kondo.

"Arobaini na tano," walinong'ona watoto, "ke..."

"Kengele!" Mkaguzi alisema haraka, sauti imepasuka. "Mwalimu Mkuu, piga kengele! Hesabu imekwisha!"

Kondo akainua nondo. Nyuma ya mgongo wa Mkaguzi vilibaki vichwa arobaini na sita visivyoguswa, vimelowa, vinatetemeka, na mvua nje haikuwa na dalili ya kupungua. Nyamizi hakuutoa mkono. Hakumtazama Mkaguzi, wala Mwalimu Mkuu, wala kengele. Alimgeukia yule yule aliyemwuliza Jumatano, na akauliza kwa upole, kama mtu ambaye amesubiri siku mbili na yuko radhi kusubiri tena.

"Mwalimu, huyu ni wa ngapi?"

Chaki ilivunjika mkononi mwa Kidawa. Alisikia vipande vikianguka sakafuni, kimoja, viwili.

"Arobaini na sita, mwanangu," akasema. "Endelea."